Kiwango Chako cha Tenisi: Kijue Kabla ya Kujaza Fomu ya Mashindano

Msimu wa kaskazi ukifika, viwanja vya tenisi vya Malindi hujaa watu wa kila namna. Kuna vijana wa Barani na Maweni waliojifunza mchezo kwa kuokotea wageni mipira. Kuna watumishi wa ofisini wanaokuja baada ya Alasiri, kuna wanafunzi waliofunga shule, na kuna Wataliano wazee wanaokaa hapa tangu Disemba hadi Machi wakiwa na raketi zao wenyewe. Mashindano yakitangazwa, wote hawa hupewa fomu moja, na kwenye fomu hiyo pana sehemu inayouliza kiwango cha mchezaji. Mmoja huandika 4.5, wa pili huandika "wastani", wa tatu huacha wazi. Mwandalizi naye hupanga droo, yaani orodha ya nani atacheza na nani, kwa kukisia. Jumamosi asubuhi kijana anayeingia mashindanoni kwa mara ya kwanza hupangiwa mtu aliyeshika raketi tangu utotoni, hupigwa 6–0, 6–0 jua halijapanda, na mwaka mzima hatumwoni tena uwanjani.

Jambo hili linaniuma kwa sababu linazuilika. Namba ya kiwango ikitumiwa sawasawa humpa kila mtu mechi anayoweza kuipigania, awe mwanafunzi wa darasa la saba au mstaafu wa miaka sabini. Lakini namba peke yake haisemi kitu mpaka ujue mambo mawili: ni ya mfumo gani, na imetokana na mechi zipi. Hatua hizi zinafuata mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: tenganisha kiwango na nafasi

Nafasi ni hesabu ya pointi. Wachezaji wa kulipwa wa ATP na WTA hupangwa kwa pointi walizovuna kwenye mashindano ya wiki 52 zilizopita, na asiyecheza hapati pointi hata awe hodari vipi. Kiwango hakijali umesafiri mara ngapi. Kinachotazamwa ni kwamba ukikutana na fulani leo, mtachezaje. Mtu aliyeumia goti akakaa nje miezi minane huporomoka kwenye orodha ya nafasi, lakini akipona, wewe unayepangiwa naye utakutana na mikono ile ile.

Kwa mashindano ya mji, ya hoteli au ya klabu, unachoulizwa ni kiwango. Kama ulishika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya shule, mwandalizi atafurahi kujua, ila mwandikie pembeni, usiiweke kwenye sehemu ya kiwango.

Hatua ya pili: uliza namba ni ya mfumo gani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hili ndilo linalotusumbua sana Malindi. Mji wetu una wachezaji wa nchi nyingi, na kila mmoja huja na namba ya kwao. Watu watano wakisema "mimi ni nne nukta tano", huenda kila mmoja ana maana yake.

Mfumo wa Marekani uitwao NTRP ndio unaotajwa zaidi vijiweni. Hupanda kwa nusu nusu hadi 7.0, ambayo ni ngazi ya wachezaji wa dunia. Kwenye mfumo huu 4.5 ni mchezaji mwenye nguvu kweli, mtu anayeweza kutawala klabu ya mji mdogo. Tena, kompyuta yao hupima kwa sehemu za mia: anayeitwa 3.5 anaweza kuwa na 3.01 au 3.50. Ndiyo maana watu wawili wenye 3.5 wanaweza kukutana na mmoja akashinda kwa urahisi bila yeyote kudanganya. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba 3.5 ya wanawake na 3.5 ya wanaume kwenye NTRP si uwezo mmoja. Kila upande una ngazi zake.

Mfumo wa UTR, ambao nao ulianzia Marekani, huenda kutoka 1.00 hadi 16.50, na namba ikikua ndivyo mchezaji anavyokuwa bora. Huu huweka watu wote kwenye mizani moja, wanawake kwa wanaume, watoto kwa wazee. 4.5 ya UTR ni mchezaji wa klabu anayeendelea kujifunza, yuko mbali na 4.5 ya NTRP.

WTN ni namba ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Hii huenda kinyume: anayeanza yuko 40, na wakubwa wa dunia wanakaribia 1. Ukikutana na mtu mwenye WTN ya 4.5 kwenye uwanja wa hoteli, jua umekutana na mchezaji wa kiwango cha kulipwa, na ni bahati yako kupiga naye mipira michache.

Shirikisho hilo hilo lilikuwa limeanzisha ITN mwaka 2003, yenye ngazi 10 hadi 1, ndogo ikiwa bora. Makocha wa zamani bado wanaikumbuka na kuitumia, na mchezaji aliye kati ya 4 na 5 kwenye ngazi hizo ni mchezaji mzuri wa klabu.

Halafu kuna Italia, na kwa Malindi hii ina uzito kuliko mahali pengine popote pa Kenya. Shirikisho lao hugawa wachezaji katika makundi manne, na kundi la nne ndilo la chini. Ndani ya kundi hilo ngazi huanza 4.6 na kupanda hadi 4.1. Ukitoka hapo unaingia kundi la tatu, kutoka 3.5 hadi 3.1, kisha la pili, 2.8 hadi 2.1, na juu kabisa kundi la kwanza. Asiyepangwa bado huandikwa NC. Kwa hiyo 4.5 ya Kitaliano ni mtu aliyetoka chini juzi juzi. Mtaliano akikwambia kwa furaha kwamba ametoka 4.4 akafika 4.2, mpongeze, amepanda.

Nimeona kwa macho yangu fujo inayotokana na hili. Mzee mmoja wa Kitaliano, mtu mwungwana, aliandika 4.5 kwa uaminifu kabisa kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye kadi yake. Fomu haikuuliza mfumo. Akawekwa kundi moja na vijana wanaojipima kwa namba za Kimarekani. Kwenye gemu ya kwanza alisimama hatua mbili nyuma ya mstari, sevu nne, yaani mapigo ya kuanzisha pointi, zikampita na raketi yake ikabaki kiunoni. Kijana aliyekuwa akisevu alianza kupunguza nguvu mwenyewe, bila kuambiwa, na baada ya gemu nne mzee akaja wavuni akampa mkono. "Pole, mzee wangu," kijana akasema, na ilikuwa wazi kwamba hakufurahia ushindi ule hata kidogo. Wote wawili walikuwa wamelipa ada, na hakuna aliyepata mechi.

Basi andika namba yako ikiwa na mambo manne: jina la mfumo, namba yenyewe, ni ya mmoja mmoja au ya wawili wawili, na imetoka wapi. Kwa mfano: "NTRP 3.5, mmoja mmoja, nimejikadiria mwenyewe pamoja na kocha." Au: "WTN 27, mmoja mmoja, ya mwezi uliopita." Mstari mmoja wa namna hiyo humsaidia mwandalizi kuliko sifa za nusu ukurasa. Na ukiona majedwali ya kubadilisha namba ya mfumo mmoja kuwa ya mwingine, yachukue kama makadirio ya mbali tu. Mifumo hii haipimi kitu kimoja kwa njia moja, kama utakavyoona kwenye hatua ya tano.

Hatua ya tatu: jikadirie mbele ya shahidi

Wachezaji wengi wa hapa hawana namba iliyotoka kwenye kompyuta, na hilo halina aibu. Mfumo wa NTRP wenyewe huruhusu mchezaji mpya ajikadirie. Nitaeleza ngazi zinazowahusu wengi wetu kwa lugha ya uwanjani.

Ukiwa 2.5, unaanza kusoma mpira unaelekea wapi, na unaweza kubadilishana mipira michache ya polepole na mtu wa uwezo wako. Ukiwa 3.0, mpira wa kasi ya kawaida unaurudisha vizuri, ila huna uhakika wa kuupeleka unakotaka, na kuna pigo moja unalolikimbia, mara nyingi bekihendi, lile la upande usio wa mkono wa raketi. Kwa 3.5, unaweza kuchagua upande kwenye mipira ya wastani na umeanza kwenda wavuni kwa hiari yako, lakini mipira yako mingi inaangukia katikati ya uwanja badala ya karibu na mstari wa nyuma.

Kuruka kutoka 3.5 hadi 4.0 ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Mchezaji wa 4.0 anaweza kutegemea forihendi, pigo la upande wa mkono wa raketi, na bekihendi, zote mbili, kwa upande na kwa kina. Lobu (mpira wa juu unaompita mpinzani kichwani), smashi (pigo la nguvu kutoka juu ya kichwa) na voli (pigo kabla mpira haujadunda) anazo na zinampatia pointi. Anapopoteza pointi, mara nyingi ni kwa kukosa subira, si kwa kukosa pigo. 4.5 huongeza nguvu na mzunguko wa mpira, miguu inafika kabla ya mpira, sevu ya kwanza ni silaha na sevu ya pili inawekwa mahali palipokusudiwa. Ukiona bado unaomba Mungu kila ukirusha mpira wa sevu ya pili, wewe si 4.5.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiyo sevu ya pili. Forihendi kila mtu anayo siku yake njema. Nenda uwanjani kusi ikivuma, mwezi wa Juni au Julai, saa kumi alasiri. Weka makopo mawili ndani ya boksi la sevu, moja pembeni na moja karibu na mstari wa kati, kila moja likiwa hatua moja kutoka mstari wa mwisho wa boksi. Mwombe kocha au mwenzako asimame upande wa pili. Piga sevu za pili kumi upande wa kulia na kumi upande wa kushoto, ukitaja kabla ya kurusha mpira unalenga kopo lipi. Shahidi aandike mambo matatu kwa kila sevu: imeingia au la, imeenda upande uliotaja au la, na je, yeye angeipiga kwa nguvu au angelazimika kuirudisha tu. Utaona kitu kinachofunza: upepo ukitoka baharini ukakukuta ubavuni, mkono unaorusha mpira huanza kuufuata mpira, bega linafunguka mapema, na sevu inazama wavuni au inapeperuka. Mchezaji wa 4.0 hushusha mpira chini, akaurusha upya. Wa 3.0 huupiga hivyo hivyo ulipo.

Shahidi awe mtu asiyekuonea haya. Mwambie, "Kocha, niangalie, na usinihurumie," naye akikujibu, "Haya mwanangu, piga," mwachie aandike. Tukijihukumu peke yetu tunakumbuka mapigo mazuri tu.

Kama kocha wako anajua kipimo cha uwanjani cha ITN, mwombe akufanyie. Hupima kina cha mapigo ya chini, kina cha voli, usahihi wa mapigo, sevu, na wepesi wa miguu, ambapo unaokota mipira mitano iliyopangwa uwanjani na kuirudisha mmoja mmoja huku saa ikihesabu. Ni kipimo kizuri cha mapigo. Hakipimi unavyocheza gemu ikiwa 30–40 na umeshakosea sevu ya kwanza.

Hatua ya nne: cheza mechi za kuhesabiwa, na uziandike

Hapa nasema na vijana wetu wanaopiga mipira na wageni hotelini, maana nawajali na nimewaona wakiumia. Wengi wenu mna mapigo ya 4.0 na mechi za 3.0. Sababu yake inajulikana. Kazi yenu ni kumrudishia mgeni mpira mahali anapoupenda, kiunoni, kwa kasi anayoiweza, ili afurahi na kesho akuite tena. Mnafanya hivyo saa tatu kwa siku, na mkono unakuwa na ustadi wa ajabu. Lakini huo ni mkono uliozoea kumpendeza mpinzani. Siku ya mashindano mnatakiwa kuupeleka mpira pale asipotaka, na mwili haujazoea. Mgeni akikwambia "wewe ni mchezaji wa 5.0", amesema kwa nia njema, ila amepima mpira unaomrudia yeye.

Tiba yake ni mechi zenye matokeo. Tafuta wapinzani watatu au wanne wasiofanana: mmoja anayerudisha kila kitu, mmoja anayepiga kwa nguvu, mmoja wa mkono wa kushoto ukimpata. Chezeni seti kamili, kwa kuhesabu kwa sauti, na mpira ukigombaniwa mstarini, uhesabiwe umeingia. Hizo ndizo desturi za mechi isiyo na refa. Nunua daftari la shilingi chache, na kila mechi iandike tarehe, mpinzani, matokeo ya kila seti, uwanja, na hali ya upepo. Usiandike "nilicheza vizuri". Andika 4–6, 6–3, 7–10, hiyo ya mwisho ikiwa taibreki, gemu ndefu ya pointi inayoamua mechi.

Ukishapata mechi sita hadi nane, zisome. Kuna kipimo kimoja kinachotumiwa na watu wa UTR ambacho ni rahisi na hakihitaji kompyuta. Mshindi wa seti mbili anahitaji angalau gemu 12. Aliyeshindwa akipata zaidi ya nusu ya hizo, yaani 7 au zaidi, mechi hiyo ilikuwa ya ushindani. 6–4, 6–3 ni ya ushindani, na 6–2, 6–3 siyo. Pitia daftari lako kwa kipimo hicho. Wale ambao mechi zenu ni za ushindani, ushinde au ushindwe, ndio watu wa ngazi yako, na kama mmoja wao ana namba rasmi, basi sasa unajua namba yako iko wapi.

Upepo uuzingatie unaposoma. Mtu mwenye subira na lobu ndefu anaweza kumshinda kwenye kusi kali mchezaji ambaye siku tulivu angemfunga mapema. Matokeo ya siku kama hiyo ni ya kweli, lakini yasikupandishe ngazi peke yake.

Hatua ya tano: fungua akaunti mapema, si wiki ya mashindano

Mashindano yakisema yanatumia UTR au WTN, fungua wasifu wako kwa majina yale yale yaliyo kwenye kitambulisho, na uyatumie hayo hayo kila mara. Pwani tuna majina yanayoandikwa kwa njia nyingi. Akina Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye wasifu tatu, kila mmoja ukiwa na mechi mbili, na hakuna hata mmoja unaoaminika.

Jua pia namba inavyotembea. UTR hutazama mechi zako za miezi 12 iliyopita, zisizozidi 30, na hulinganisha gemu ulizoshinda na zile ulizotarajiwa kushinda dhidi ya mpinzani huyo. Kwa hiyo unaweza kushindwa 6–4, 6–4 na mtu aliyekuzidi sana na namba yako ikapanda. Unaweza pia kushinda 7–5, 7–6 dhidi ya aliye chini yako sana na ikashuka. Hii ndiyo sababu usiache gemu ziende ovyo ukiwa unashindwa 5–1, kila gemu ina kazi. WTN yenyewe huhesabu seti. Seti uliyopoteza 7–6 ni seti iliyopotea, ila seti moja uliyomnyang'anya mkubwa inakusaidia hata kama mechi umeipoteza. Mechi ambayo mpinzani hakutokea haiingii kwenye hesabu ya mfumo wowote kati ya hii miwili.

Kila namba huja na kiasi cha uhakika wake. Namba iliyotokana na mechi mbili huyumba, iliyotokana na mechi ishirini imetulia. Ukimwona mpinzani kwenye orodha ana namba ya kutisha, tazama kwanza imejengwa kwa mechi ngapi kabla hujakosa usingizi.

Mmoja mmoja na wawili wawili zina namba tofauti kwenye UTR na WTN, na ni haki iwe hivyo. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wetu alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kucheza na mwenzako kunataka voli, kunataka kusoma mwendo wa watu watatu kwa wakati mmoja, na kunataka kuzungumza. Usiazime namba yako ya mmoja mmoja kujaza fomu ya wawili wawili.

Hatua ya sita: soma tangazo kama unavyosoma mkataba

Tazama mechi ni ya seti ngapi. Seti fupi za gemu nne, au taibreki ya pointi 10 badala ya seti ya tatu, humpa nafasi aliye chini kidogo, kwa sababu bahati ina muda mfupi wa kusahihishwa. Seti tatu kamili kwenye joto la Machi hupendelea mwenye pumzi. Tazama kama kuna makundi ambapo kila mmoja hucheza na wote waliomo. Kwa anayeanza, hayo ndiyo mashindano ya kuingia, maana una uhakika wa mechi tatu au zaidi na daftari lako litashiba.

Tazama mahali. Sisi tumezoea mpira wa usawa wa bahari, hewa nzito, chumvi, na mchanga kidogo uwanjani unaoufanya mguu uteleze. Nairobi iko kwenye takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko mpira unaruka. Sheria za ITF zina aina ya mpira kwa ajili ya mahali palipozidi mita 1,219, lakini hata kwa mpira huo forihendi yako iliyokuwa ikitua ndani ya mstari kwa futi moja hapa, kule itatua nje. Mchezaji wa Malindi anayekwenda Nairobi afike siku mbili kabla akiweza, akaze nyuzi za raketi kidogo, na azungushe mpira zaidi. Asipopata siku hizo mbili, basi achague daraja akijua mechi ya kwanza itakuwa ya kujifunza hewa.

Kwa mtoto usiulize namba, uliza rangi ya mpira

Tangu 2012 sheria za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yasitumie mpira wa kawaida wa njano. Mpira mwekundu, ulio wa polepole kwa takriban asilimia 75, ni wa uwanja mdogo wa mita 11 au 12 hivi. Wa rangi ya chungwa ni wa uwanja wa mita 18, na wa kijani ni wa uwanja kamili wa mita 23.77. Mzazi, tafadhali, usimpandishe mtoto rangi kwa sababu mtoto wa jirani amepanda.

Hatua ya saba: chagua daraja, kisha mwandikie mwandalizi

Ukiwa katikati ya ngazi mbili, amua kwa daftari. Kama mechi zako nyingi dhidi ya watu wa ngazi ya juu zilikuwa za ushindani, ingia juu hata kama hukushinda. Kama ulishinda moja tu, siku ya upepo, ingia chini. Kwa mashindano ya kwanza kabisa ya maisha yako, ningependa uingie daraja ambalo daftari linaonyesha unashinda karibu nusu ya mechi.

Kujishusha makusudi ili ubebe kikombe ni dhuluma, na nalisema hili kwa uzito wote. Unamnyang'anya mtu mwingine mechi aliyoilipia na kuifanyia mazoezi. Kwenye ligi za Marekani mchezaji aliyejikadiria chini huondolewa pale matokeo yake yakionyesha mara tatu kwamba amezidi ngazi hiyo. Hapa kwetu hakuna kompyuta ya kukuondoa, lakini mji ni mdogo na watu wanatazama.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, utumwe siku kadhaa kabla ya droo: "Asalaam alaikum ndugu mwandalizi. Naomba kuingia wanaume mmoja mmoja. Kiwango changu ni NTRP 3.5, nimejikadiria nikiwa na kocha. Sina namba ya kompyuta. Nimecheza mechi nane miezi miwili iliyopita, nimeshinda nne, matokeo nimeyaambatisha. Nikipangwa chini au juu nitakubali." Piga picha ukurasa wa daftari na uutume pamoja na ujumbe.

Droo ikitoka, itafute mapema na uwaulize wenzako kuhusu wapinzani walio upande wako. Ukiona kosa la wazi, kwa mfano Mtaliano mwenye 4.5 amewekwa kundi la juu, au mwenye WTN ya 12 ameingizwa kwa wanaoanza kwa sababu mtu alidhani namba ndogo ni udhaifu, mwambie refa au mwandalizi faraghani kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Mwoneshe mfumo, mwoneshe namba. Mechi ikishaanza, droo hairudi nyuma.